Fomu ya Urithi wa Shamba: Usimwache Mtu Nje

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mama mmoja wa skimu yetu aliingia ofisini siku ya mvua akaweka mezani bahasha aliyoifunga ndani ya nailoni. Ndani ya bahasha mlikuwa na hati ya shamba la ekari 15. Alitaka kukopa fedha anunue ng'ombe wawili wa maziwa, na wakopeshaji walimwambia alete hati. Hati yenyewe ilikuwa safi, haina deni. Lakini jina lililoandikwa ndani yake lilikuwa la mume wake, naye alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita.

Ikanibidi nimwambie kweli. "Mama, katika daftari la ardhi shamba hili bado ni la marehemu. Hakuna mkopeshaji atakayepokea rehani kutoka kwa mtu aliyekufa."

Akaniuliza, "Sasa mimi ni nani katika shamba hili, mwanangu? Nimelilima tangu nilipoolewa."

Swali hilo si la mama huyo peke yake. Mashamba mengi ya skimu yalianza kugawanywa mwaka 1962, katika mpango ule ulioitwa wa Ekari Milioni Moja. Wazee wengi waliopewa mashamba siku zile wamekwisha kufariki. Wana wao wanalima, wajukuu wanalima, lakini jina la babu lingali katika daftari. Watu hukaa kimya kwa sababu hakuna aliyewasumbua. Siku ya kutaka mkopo, au siku ya ugomvi wa mpaka, au siku ya barabara kupita shambani na fidia kulipwa, ndipo wanapojua kwamba shamba halina mwenyewe anayeweza kutia sahihi.

Dawa ya jambo hili ni mirathi, na mirathi huanza na fomu. Mimi si wakili. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi hii, na darasani nilijifunza kwamba hesabu ikikosewa katika mstari wa kwanza, mistari yote iliyobaki ni kazi bure. Fomu ya urithi ni hivyo hivyo. Kosa kubwa kuliko yote, tena ndilo linalofanywa mara nyingi, ni kumwacha mtu nje.

KOSA LA NYUMBANI KWETU

Ninalijua kosa hili kwa sababu lilifanywa na watu wa nyumbani kwetu. Babu yangu alipata shamba lake la skimu mwaka 1965, akalipa deni lake lote, akafariki mwaka 1998. Aliacha watoto watano: wana wawili na mabinti watatu. Baba yangu na baba mdogo walikwenda kwa mtu mmoja mjini aliyekuwa akiwaandikia watu karatasi za mahakama. Mtu huyo akawaambia, "Binti akishaolewa haandikwi." Basi fomu ikaandikwa watoto wawili tu.

Mambo yakaenda upesi. Barua za usimamizi zikatoka, mpimaji akaja, vigingi vikapigwa. Shangazi mkubwa alipata habari kutoka kwa mtu aliyeviona vigingi hivyo. Akaenda mahakamani akasema, "Marehemu ni baba yangu, na jina langu halimo." Mahakama haikuwa na kazi ya kuuliza sana. Kiapo kilisema watoto ni wawili, na watoto walikuwa watano. Barua zikafutwa. Shauri likakaa miaka sita. Baba aliuza ng'ombe watatu kwa ajili ya gharama, na mwaka ule bibi alipofariki, shangazi alikuja mazishini akaketi upande wa wageni.

Mwishowe fomu iliandikwa upya ikiwa na majina matano. Shangazi wawili walisema hawataki fungu, wakatia sahihi. Shangazi mkubwa aliomba ekari moja tu. Siku hiyo alimwambia baba, "Mngeniandika tangu mwanzo, ningetia sahihi siku ile ile. Ekari sikuzihitaji. Nilitaka kuhesabiwa."

Ndugu msomaji, miaka sita na ng'ombe watatu vilipotea kwa sababu ya mistari mitatu iliyoachwa bila kuandikwa.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inahusu mali ya mtu aliyefariki akiwa na wasia, na ya yule aliyefariki bila wasia. Hapa nitasema juu ya asiyeacha wasia, kwa sababu ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za skimu. Aliyeacha wasia ana fomu yake nyingine. Waislamu hugawanya mali kwa sheria yao, nao waweza kwenda kwa Kadhi. Tena ziko wilaya kadhaa, nyingi zikiwa za wafugaji, pamoja na Lamu, ambako ardhi ya kilimo isiyo na wasia hufuata mila ya watu wa mahali hapo. Anayekaa huko na aulize kwanza katika ofisi ya mahakama.

Kabla ya kupewa idhini na mahakama, hakuna mtu aliye na haki ya kuuza, kugawa wala kukodisha mali ya marehemu, hata akiwa mwana wa kwanza. Kifungu cha 45 kinalikataza jambo hilo. Anayelifanya aweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili.

KARATASI ZA KUKUSANYA KWANZA

Usiende kuchukua fomu mikono mitupu. Kwanza kusanya karatasi hizi, uzitie katika bahasha moja:

1. Cheti cha kifo. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo.

2. Barua ya chifu inayowataja wote walioachwa na marehemu. Nendeni kwa chifu wengi, asiende mtu mmoja. Chifu huandika anayoambiwa, na asiyekuwapo husahauliwa.

3. Nakala ya hati ya shamba, pamoja na karatasi kutoka kwa Msajili wa Ardhi inayoonyesha jina lililo katika daftari leo na kama shamba lina deni au zuio.

4. Nakala za vitambulisho vya warithi wote walio watu wazima, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

5. Ikiwa deni la skimu halijaisha, barua ya kupewa shamba na taarifa ya deni kutoka ofisi ya makao.

Halafu uliza ni mahakama ipi inayofaa. Mahakama ya hakimu yaweza kusikiliza mirathi kwa kadiri ya thamani ya mali. Hakimu Mkuu mwisho wake ni shilingi milioni 20, na mahakimu walio chini yake wana viwango vidogo zaidi. Mali inayopita milioni 20 hupelekwa Mahakama Kuu. Siku hizi karatasi huingizwa mahakamani kwa njia ya mtandao, kwa hiyo huenda ukahitaji mtu wa kukusaidia katika kazi ya kompyuta. Lakini yule anayekusaidia kuziingiza si yeye anayejua watoto wa marehemu. Wewe ndiwe unayewajua, na sahihi ni yako.

FOMU YA 80: NANI AOMBE?

Fomu ya maombi yenyewe huitwa P&A 80. Ndani yake mwombaji anasema yeye ni nani, marehemu alikuwa nani kwake, alifariki lini na wapi, na kwamba hakuacha wasia.

Swali kubwa hapa ni nani aombe. Sheria humtazama kwanza mume au mke aliyebaki, kisha watoto na warithi wengine. Mara nyingi naona wana wanamruka mama yao kwa kusema kwamba hajui kusoma. Kutojua kusoma hakumwondolei mjane haki yake. Atasomewa karatasi kwa lugha anayoielewa, kisha ataweka kidole chake.

Wasimamizi wasizidi wanne. Ikiwa kuna mrithi mwenye umri chini ya miaka 18, wasimamizi na wawe wawili au zaidi, ili mali ya mtoto isiwe katika mkono mmoja. Katika skimu yetu nimeona mambo yakienda vizuri mama anapoandikwa pamoja na mtoto mmoja anayeaminiwa na wenzake. Akiwa binti, si vibaya.

FOMU YA 5: HAPA NDIPO PENYE KAZI

Fomu P&A 5 ni kiapo kinachofuatana na maombi. Hutiwa sahihi mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Ina mambo matatu: watu, mali na madeni. Tuyatazame moja moja.

Watu. Andika kila mke, au mume, aliyebaki. Andika kila mtoto wa marehemu: wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa, wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo, aliye hapa na aliye ng'ambo, aliyezaliwa nje ya ndoa ikiwa marehemu alimkubali. Andika majina kama yalivyo katika vitambulisho, pamoja na umri na mahali anapokaa kila mmoja. Mtoto wa marehemu akiwa naye amefariki na ameacha watoto, waandike hao wajukuu, kwa maana wanasimama mahali pa mzazi wao. Usijiambie, "Yule hatataka kitu." Kukataa fungu ni kazi yake mwenyewe, nawe kazi yako ni kumwandika.

Wengine husema bado, "Binti atapata kwa mumewe." Neno hilo lilikwisha kujibiwa mahakamani. Katika kesi moja iliyotoka Uasin Gishu, mzee alikuwa ameacha wake wawili, wana watatu na mabinti sita. Katika hukumu ya kwanza wana walipewa ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5 kila mmoja, kwa kuwa wangeolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliigeuza hukumu hiyo, ikawapa watoto wote tisa mafungu yaliyo sawa. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo anayeficha jina la dada yake anajenga nyumba juu ya mchanga.

Mali. Namba ya shamba inakiliwe kama ilivyo katika hati: jina la wilaya, jina la skimu, kisha namba. Mwandikie mwenzako namba hiyo, naye akusomee kwa sauti huku wewe ukitazama hati. Tarakimu moja ikikosewa utaomba urithi wa shamba la jirani.

Jihadharini pia na vipimo. Wazee walizoea ekari, lakini hati hutumia hekta. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Kwa hesabu kamili ni ekari 2.471. Shamba la ekari 15 litaandikwa hekta 6.07 hivi. Andika kama hati inavyosema, usigeuze kwa kichwa.

Jambo jingine linalowasumbua watu wa skimu ni jina. Zamani karani wa ardhi aliandika jina moja na jina la baba. Kitambulisho kilichokuja baadaye kina jina la ubatizo mbele, na labda herufi zimebadilika. Cheti cha kifo nacho kina namna yake ya tatu. Majina yakitofautiana, usichague moja ukayaacha mengine. Yataje yote katika kiapo, useme ni mtu yule yule, na chifu ayataje yote katika barua yake.

Andika na mali nyingine: ng'ombe, fedha zilizo benki, hisa katika chama cha ushirika, malipo ya maziwa au majani ya chai yasiyochukuliwa. Shamba likiwa lina thamani kubwa kuliko vingine, si sababu ya kuviacha vingine.

Madeni. Hapa wengi huacha wazi, wakidhani kutaja deni kutazuia urithi. Sivyo. Ikiwa deni la skimu kwa Mfuko wa Makao halijaisha, liandike. Ikiwa kuna mkopo wa ushirika, au kodi ya ardhi inayodaiwa na kaunti, iandike. Deni lisilotajwa halifi. Litawangoja kwa Msajili wa Ardhi siku ya kubadilisha jina, na siku hiyo hamtakuwa mmejiandaa kulilipa.

Tena kumbukeni kwamba hiki ni kiapo. Kifungu cha 52 kinasema mtu anayeandika uongo kwa makusudi katika maombi haya aweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Faini yenyewe si kitu mbele ya hasara ya kufutiwa barua zote, kama tulivyofutiwa sisi.

FOMU YA 38: SAHIHI ZA WENGINE

Warithi walio na haki sawa na mwombaji, au zaidi yake, hutia sahihi katika fomu P&A 38 kuonyesha kwamba wanamkubali aombe kwa niaba ya wote. Mtu akitia sahihi hapa hajatoa fungu lake. Wafahamisheni hivyo, kwa maana wengi hukataa kalamu wakidhani wanauza urithi wao.

Aliye mbali apelekewe karatasi. Usimtilie mtu sahihi, hata akikuruhusu kwa simu, wala usimwekee kidole mgonjwa aliyelala. Nao wasiotaka kutia sahihi wasifichwe. Mahakama ina njia ya kuwaita waje waseme.

Karani wa mahakama aweza pia kukuuliza fomu za wadhamini, yaani P&A 11, 12 na 57. Hizo hueleza uwezo wa msimamizi na wa watu wanaosimama nyuma yake ili mali isipotee.

SIKU 30, KISHA MIEZI 6

Maombi yakipokelewa, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Watu hupewa siku zisizopungua 30 za kuleta pingamizi. Chukua nakala ya tangazo hilo uisome kwa makini. Ikiwa jina la marehemu limechapwa vibaya, ni afadhali kujua sasa.

Pasipokuwa na pingamizi, mahakama hutoa barua za usimamizi. Hapa ndipo furaha huwapoteza watu. Barua hizi si ruhusa ya kugawa shamba wala kuliuza. Ni ruhusa ya kulitunza, kudai yanayodaiwa na kulipa madeni. Mtu akikuletea barua hizi peke yake akitaka kukuuzia ekari mbili, mrudishie karatasi zake na ufunge mfuko wako.

Baada ya miezi 6 wasimamizi huomba barua zithibitishwe, kwa fomu P&A 108. Wasikae mno, maana wakipitisha mwaka mmoja bila kuomba, bila sababu nzuri, barua zaweza kufutwa. Pamoja na ombi hilo huenda fomu P&A 37, ambayo warithi wote hutia sahihi kukubali namna ya kugawanya. Maneno ya mgawanyo yawe wazi: nani, namba ya shamba, ekari ngapi au fungu gani. "Watagawana kama ndugu" si mgawanyo.

MGAWANYO UKOJE?

Marehemu akiacha mke mmoja na watoto, mke hupata vyombo na vitu vya nyumbani viwe vyake kabisa. Shamba analitumia maisha yake yote, na baada yake ni la watoto kwa mafungu sawa. Hawezi kuliuza kwa kupenda kwake. Ni lazima mahakama ikubali. Wala watoto hawawezi kumwondoa.

Akiacha watoto tu, hugawanyiwa sawa.

Akiwa na wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba, kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi katika nyumba yake. Tufanye mfano. Shamba ni ekari 18. Nyumba ya kwanza ina mama na watoto watano, yaani watu sita. Nyumba ya pili ina mama na watoto wawili, yaani watu watatu. Jumla ni watu tisa, na kila mtu ni ekari 2. Nyumba ya kwanza inapata ekari 12, na ya pili ekari 6. Mnaona hapa kwa nini kuacha jina la mtoto mmoja huharibu hesabu ya wote.

Warithi waweza kupatana mgawanyo mwingine, mradi wote wawe wamekubali na mahakama iridhike.

Hapa niseme kidogo kama mtu wa Ofisi ya Kilimo. Sheria haiwalazimishi kukata shamba vipande. Wote waweza kuandikwa katika hati moja, kila mtu na fungu lake limetajwa, na shamba likaendelea kulimwa pamoja. Shamba la ekari 15 lililokatwa mara tisa halina mahali pa kuzungusha mazao, halina malisho ya kutosha, na kila kipande kitataka njia yake. Kaeni kwanza na Bwana Shamba wenu mkaulizana shamba litalisha nani, ndipo mmwite mpimaji.

BAADA YA MAHAKAMA

Mahakama ikithibitisha, mtapewa cheti P&A 54 kinachotaja kila mrithi na fungu lake. Kazi haijaisha. Watu wengi huweka cheti hiki sandukuni, na daftari la ardhi hubaki na jina la babu. Kipelekeni kwa Msajili wa Ardhi pamoja na hati ya zamani na fomu za kuhamisha ardhi kwa urithi.

Kama shamba linakatwa na kutolewa hati mbalimbali, Bodi ya Kudhibiti Ardhi inahusika, na kibali chake kinatakiwa. Kama linabaki hati moja, sheria ya bodi haitaki kibali kwa ajili ya urithi. Ikiwa deni la skimu halijaisha, pelekeni cheti ofisi ya makao, ili jina la mrithi liingie katika kumbukumbu zao, na deni liendelee kulipwa na mtu aliye hai.

Wengi huniuliza kuhusu kodi. Kenya haina kodi ya urithi. Mtalipa ada za mahakama na za ofisi ya ardhi, na mpimaji kama yupo. Anayewaambia kwamba Serikali huchukua sehemu ya shamba la marehemu anawadanganya, na huenda anataka sehemu hiyo yeye.

YA KUKUMBUKA

Kabla ya kutia sahihi, wote wa nyumbani wakae mahali pamoja, mtu mmoja asome fomu kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho, na watu wajibu maswali haya:

Je, kila mke na kila mtoto ametajwa, pamoja na watoto wa aliyefariki?

Je, namba ya shamba na hekta ni kama hati?

Je, majina yote ya marehemu yametajwa?

Je, madeni yote yameandikwa?

Je, kila sahihi ni ya mwenyewe?

Mmoja akijibu hapana, weka kalamu chini. Siku moja ya kurekebisha ni nafuu kuliko miaka sita ya kesi.

Yule mama wa mvua alirudi wiki iliyofuata. Safari hii hakuja na hati. Alikuja na daftari la shule la mjukuu wake, na ndani yake ameandikisha watoto wake saba. Wawili wameolewa mbali, mmoja yuko Mombasa, na mmoja amefariki akaacha mtoto wa miaka tisa. Majina ya wote yalikuwamo, hata la mjukuu. Chini kabisa palikuwa na jina la nane ambalo sikulitambua. Nilipomwuliza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo alizaliwa kabla mzee hajanioa. Mzee alimlipia karo. Siwezi kusema simjui."

Nikamwambia ameijaza fomu yake tayari, ingawa bado hajaichukua. Mkopo wa ng'ombe utangoja, lakini shamba sasa limepata njia. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika fomu ya urithi, baraka ni kila mwenye haki kuona jina lake limeandikwa.